Dawa itokanayo na bangi kwa mtoto mwenye kifafa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu wa miaka sita anaanguka kifafa karibu kila siku, dawa za spitali hazijamtuliza. Ndugu yangu aliyeko Uingereza kanambia kule watoto hupewa dawa ya bangi. Ustadh wetu hapa Wete kasema kumpa ni sawa na kumnywesha ulevi. Jirani naye kaniletea majani nichemshe. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam. Mwenyezi Mungu amponye mwanao, mama. Kuuliza kwako si dhambi, na aliyekutia khofu kakosea.

Ustadh anashika Hadithi ya Tariq bin Suwayd, aliyeambiwa na Mtume (SAW) kuwa ulevi si dawa bali ni ugonjwa. Ni sahihi, kaipokea Muslim, lakini inahusu khamri, yaani pombe. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii tunamsoma kila siku, karuhusu mtu anayekatwa mkono uliooza apewe kisichokuwa khamri kimpoteze akili. Kimpoteze akili, na bado karuhusu! Sasa hii unayoulizia haimlewishi mtoto: ni kanabidioli, kiini kimoja cha mmea wa bangi, iliyosafishwa ikatengwa na THC, kiini kingine cha mmea huo, ndicho kinacholevya. Marekani iliipitisha 2018 kwa vifafa viwili vigumu, Dravet na Lennox-Gastaut. Katika jaribio la Dravet lililochapishwa 2017, lenye wagonjwa 120, waliopewa dawa walishuka kutoka kuanguka kama mara 12 kwa mwezi hadi 6 hivi. Kuita hilo ulevi ni kuhukumu kwa jina la mmea. Daktari bingwa akiona kifafa cha mwanao ni cha aina hiyo, na ikapatikana kwa njia ya sheria, mpe bila wasiwasi.

Majani ya jirani yatupe. Hayo yana THC, hakuna ajuaye kipimo chake, na sheria ya Zanzibar inayakataza. Hapo mimi na ustadh hatugombani.

Tena usimwachishe dawa alizonazo. Kuzikata ghafla huleta kifafa kibaya zaidi. Ikiwa anatumia valproate, ambayo ni dawa mojawapo ya kifafa, daktari ajue kabla ya kuongeza kanabidioli, maana zikikutana huweza kulidhuru ini, lazima apimwe damu.

Msomee Fatiha, ndiyo, lakini akianguka usimtie kijiko mdomoni wala usimbane mikono. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Ikipita dakika tano, spitali. Na wakikwambia ana shetani asipelekwe skuli, mpeleke, na mwalimu wake umwoneshe namna ya kumlaza.