Dawa bandia: mmeuliza, tunajibu

Kama dawa bandia ni chaki tu, itamdhuru nani?

Mgonjwa wa malaria kali. Kila saa anayomeza chaki ni saa ambayo vimelea vinaongezeka mwilini. Ila kwa jamii nzima, kidonge chenye dawa kidogo ni kibaya kuliko chaki. Mtu mzima mwenye malaria isiyo kali hutumia vidonge 24 vya artemether-lumefantrine, dawa mseto ya malaria, vya miligramu 20/120 (20 za ya kwanza, 120 za ya pili): vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu. Vikiwa na robo tu ya dawa inayotakiwa, homa yaweza kushuka, vimelea dhaifu vikafa, vilivyo sugu vikabaki na mbu akavipeleka kwa jirani.

Tena si chaki pekee. Dawa za maji hutengenezwa kwa gliserini au propilini glikoli, na mwuzaji mdanganyifu huweka daietilini glikoli, kemikali ya viwandani, kwa kuwa ni rahisi bei na ni tamu vilevile. Hiyo huharibu figo. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za kikohozi na mafua nchini Gambia, zilizohusishwa na vifo vya watoto 66.

Naweza kuitambua kwa macho?

Mara nyingine. Linganisha namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge: zikitofautiana, usimeze. Tazama tahajia, lakiri iliyofunguliwa, vidonge vinavyomeng'enyeka au vyenye rangi tofauti na vya mwezi uliopita. Lakini bandia nzuri hupita yote hayo. Maabara ndiyo huamua. Lile jaribio la kutumbukiza kidonge kwenye maji halithibitishi kitu, maana vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole.

Vidonge vya "mitishamba" vya nguvu za kiume vimenisaidia ndani ya saa moja. Tatizo liko wapi?

Hapo hapo kwenye saa moja. Vingi vimekutwa na sildenafil, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, isiyoandikwa kwenye boksi. Anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya moyo akivimeza, shinikizo la damu laweza kuporomoka hadi afe. Vya kupunguza unene hukutwa na sibutramine, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Vya maumivu ya viungo hukutwa na deksamethasoni, dawa ya steroidi inayofanya kazi kama homoni ya mwili. Ukivitumia muda mrefu kisha ukaacha ghafla, mwili huishiwa homoni zake.

Insulini iliyoachwa juani nayo ni bandia?

Hapana, ni halisi iliyoharibika. Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, isigande.

Nimeshameza, na sasa nina shaka. Nifanyeje?

Usitupe chochote. Peleka boksi, vidonge vilivyobaki na risiti kwa mfamasia, umwombe aripoti kwa mamlaka ya dawa. Kama ni dawa ya kifafa au presha, usikae bila dawa: tafuta mbadala siku hiyohiyo. Mtoto aliyekunywa dawa ya maji akianza kutapika, kukojoa kidogo au kulegea, mkimbize hospitali na chupa yake.