Mafuta yanabaki kwenye mashudu: anza na unyevu wa mbegu

Dada, umesema mashine yako ndogo ya kukamua alizeti hapo Singida inatoa mafuta machache, na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, ukiyafinya vidole vinang'aa. Basi mafuta yako yamo humo humo. Usikimbilie kununua mashine nyingine.

Alizeti hukamulika vizuri ikiwa na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Ikizidi hapo, mbegu inakuwa kama uji ndani ya mashine, inateleza tu. Ikikauka mno, mashudu yanatoka unga na mashine inachemka. Anika kwenye turubai, kisha ng'ata mbegu moja: ganda lipasuke kwa mlio. Pepeta mchanga wote, maana ndio unaokula skrubu, ile parafujo inayozunguka na kubana mbegu, na skrubu iliyolika haibani tena.

Mimi huzipasha mbegu moto kwanza, hadi mkono ushindwe kuzishika. Mafuta hulainika. Zisiungue tu, yatakuwa meusi na machungu. Halafu kaza mdomo wa kutokea mashudu kidogo kidogo, mpaka yatoke vipande vyembamba, vikavu, vinavyokatika kah! Mafuta yaache yatulie siku tatu ndipo uyachuje kwa kitambaa kizito.