Sweta Kwanza, Sadaka Baadaye

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu ana miaka 10, yumo Utoto Mtakatifu, chama cha kimisionari cha watoto Wakatoliki, na amepokea Komunyo ya Kwanza. Tangu wafundishwe kumtolea Mungu mateso, anaacha sweta nyumbani makusudi asubuhi hizi za Julai, na jino lililotoboka alilificha mpaka shavu likavimba. Nikimkataza, anasema namzuia kuwa mtakatifu. Nimwongozeje bila kumvunja moyo?
Mama, Mafinga

JIBU: Milele amina, Mama. Alichofundishwa ni sahihi, ila amekosea utaratibu. Mkristo huunganisha mateso yake na ya Kristo kwa ajili ya wengine (Wakolosai 1:24), lakini maumivu yanayoweza kuondolewa huondolewa kwanza, na kinachotolewa ni kile kinachobaki. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kwanza kikombe kiondolewe (Luka 22:42).

Kwa hiyo jino likiuma, anasema siku ileile na anapelekwa kwa daktari wa meno. Hofu ya sindano, foleni, na maumivu ganzi inapoisha: hayo ndiyo ya kutolea. Sweta anavaa. Baridi itakayomfikia vidoleni njiani kwenda shule inatosha, na Mafinga mwezi wa saba haimkosi mtu.

Huenda akakutajia watoto wa Fatima, wale watatu waliotokewa na Bikira Maria huko Ureno. Mjibu kwa habari zao wenyewe. Lusia, Fransisko na Yasinta walikuwa wakijifunga kamba kiunoni kama malipizi. Lusia aliandika baadaye kwamba Septemba 1917 Bikira Maria aliwaambia Mungu amependezwa na sadaka zao, ila hataki walale na kamba. Wavae mchana tu. Hata watakatifu watoto waliwekewa mpaka.

Asubuhi mkisali Nia Njema, simameni kidogo kwenye "kwa utii navumilia teso na matata pia", umuulize: leo ni kwa ajili ya nani? Atoe jina moja, la bibi anayeumwa au mwenzake aliyefiwa. "Wakosefu wote duniani" ni mzigo mpana mno kwa mtoto. Utakuwa umesahaulika kabla ya kengele ya kwanza. Taabu ikija, aseme kimoyomoyo, "Yesu, hii ni kwa ajili ya bibi," kisha aendelee na shughuli yake bila kukunja uso (Mathayo 6:16-18). Jioni muulize swali moja tu: leo nini kilikuwa kigumu? Dakika mbili zinatosha, na hapo ndipo utasikia anayoyaficha.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alipokuwa mdogo alihesabu sadaka zake kwa shanga. Kwa mtoto aliyeficha jino, sisi hatushauri kuhesabu: ataanza kutafuta maumivu ili idadi ipande. Akianza kuogopa kula, kurudia sala ileile mara nyingi au kuungama jambo lilelile kila mara, mpeleke kwa padre mmoja anayemfahamu, afuate maelekezo ya huyo huyo.

Kuna yasiyotolewa kimya kamwe: kupigwa, kuonewa, kuguswa vibaya. Hizo ni dhambi za mwingine, na anakuambia siku hiyo hiyo. Mwambie haya waziwazi, usingoje yatokee. Mwonyeshe kituo cha tano cha Njia ya Msalaba: Yesu alisaidiwa na Simoni wa Kirene.

Na wewe Mama, usiseme "tolea tu" ili anyamaze. Mpe dawa, mbembeleze, kisha mkumbushe. Akikataa, mwache alie. Wala usimwambie kwamba Mungu anamwadhibu: swali la namna hiyo Yesu alilikataa alipoulizwa juu ya kipofu (Yohana 9:3).

SWALI: Mwanangu wa miaka 11 anataka kufunga Kwaresima nzima kama sisi wakubwa. Nimruhusu?
Baba, Njombe

JIBU: Hapana, Baba. Sheria ya Kanisa ya kufunga inaanza mtu akitimiza miaka 18, na ya kuacha nyama miaka 14. Hata kwa wakubwa, siku za lazima za kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Uji wa asubuhi anywe, na chakula cha shule ale chote. Kama anataka kujinyima, aache soda au pipi, na fedha hiyo aitie mwenyewe katika sanduku la Kwaresima. Kuhusu nyama siku za Ijumaa, akipenda kuacha pamoja nanyi, hakuna ubaya.