Swali: Bonde linajaa Machi, linakauka Oktoba, mstari niuchore wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa jografia Lindi vijijini, na vijana wa hapa tumeanza kuchora ramani ya maziwa, mabwawa na vinamasi vya kwetu. Tumekwama. Ziwa Rutamba kwenye ramani ya karatasi ya zamani limekaa pembeni kabisa na pale simu inapoonyesha, afu mabonde ya mpunga mwezi wa tatu ni maji matupu ila mwezi wa kumi unapita na bodaboda. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Swali lako limenifurahisha sana, maana wengi wanapakua picha moja ya setelaiti wanachora wanamaliza.

La ziwa kukaa pembeni ni dogo. Ramani zetu za zamani za skeli 1:50,000 zilichorwa kwa vipimo vya Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa koordineti wa huku kwetu, simu yako inatumia WGS 84, mfumo wa GPS wa dunia nzima, ukihamisha koordineti hivyo hivyo bila kuzibadilisha kitu kinaruka karibu mita 300. Fungua QGIS, ni programu ya bure ya kuchora ramani, ingiza picha ya ile ramani uifunge kwa koordineti zilizochapwa pembeni yake, iambie ni Arc 1960 UTM zoni 37 Kusini (UTM ni mtindo wa kugawa dunia kwa zoni), itakaa sawa.

Kazi iko kwenye mabonde. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, inaanza Novemba au Desemba inaisha Aprili au Mei, kwa hiyo kila bonde lina kingo mbili na wewe chora zote mbili, ya Machi au Aprili maji yakiwa juu na ya Septemba au Oktoba yakiwa yamebaki kidogo, katikati ya hizo mistari miwili ndo kinamasi chenyewe, ndo wanapolima mpunga, ndo samaki wanapozaliana. Mimi niliwahi kuchora bonde moja kwa picha ya Septemba tu, nikaliandika shamba, nikaenda kulitembelea masika nakuta watu wanavuka kwa mtumbwi. Niliumia, maana ile ramani ilishagawiwa kwa watu.

Picha za setelaiti ya Sentinel-2 ni za bure, kila kijisanduku cha picha ni mita 10 kwa 10, dimbwi dogo kuliko hapo halitaonekana vizuri, hilo mtalifuata kwa miguu. Masika mawingu yatakusumbua, tumia setelaiti nyingine, Sentinel-1, yenyewe ni rada inapenya mawingu, na maji yaliyotulia yanatokea meusi. Ila angalia, matete na magugumaji yakifunika maji rada inadanganyika na picha ya kawaida inaona kijani tu, utadhani ni nyasi. Na picha za Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya usizichukue kama masika ya kawaida, yale yalikuwa mafuriko.

Ndo maana nakuomba, kabla hata ya kompyuta, kaa na wazee na kina mama wanaolima humo bondeni. Waulize maji yanafika mti gani mwaka wa mvua ya kawaida, mwaka gani yalipita hapo, kisima kipi hakikauki. Nenda na simu hadi kwenye huo mti uchukue pointi. Na majina! Bwawa moja Wamwera wanaliita hivi, Wamakonde vile, andika yote mawili, usichague wewe. Lambo lililochimbwa na watu nalo liwekee alama tofauti na bwawa la asili, watu wakija kupanga maji watahitaji kujua.

Mkienda upande wa Ruvuma msiingie majini kupima kina, mamba na viboko wapo kweli, pimeni mkiwa ukingoni na mwenyeji awepo.

Jambo la mwisho, na hili naliona zito kuliko yote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sasa mkiweka ukingo wa Oktoba peke yake, mtu atajenga nyumba penye maji ya Machi. Kwa hiyo nakala yenye kingo zote mbili ipelekeni ofisi ya kijiji, na nyingine kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini pale Mtwara, kabla viwanja havijapimwa.