Niko kwenye kemo: ninyanyue uzito, au hata sufuria nisiguse?

SWALI: Nina miaka 46, naishi Uyole, Mbeya. Nilifanyiwa upasuaji wa titi la kulia na matezi ya kwapani yakatolewa. Sasa niko dozi ya tatu ya kemo, zile dawa za saratani za dripu. Wifi yangu amenikataza kubeba chochote kwa mkono huo maisha yangu yote. Binti yangu anataka nifanye mazoezi ya uzito. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole na matibabu, mama. Binti yako ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa wifi hakujitungia. Hata sisi wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, tulifundisha hivyo miaka mingi, kwa hofu ya mkono kuvimba, maana matezi yakitolewa majimaji hupita kwa shida. Lakini mwaka 2007 zilitoka Kanada habari za utafiti wa wanawake 242 waliokuwa kwenye kemo kama wewe. Walionyanyua uzito walipata nguvu bila mikono kuvimba kwa sababu hiyo, tena walimudu sehemu kubwa zaidi ya dawa walizopangiwa kuliko wasiofanya mazoezi.

Kinachouponza mkono ni kushtukizwa. Umekaa miezi hujashika kitu, siku moja unajitwisha dumu la lita 20. Hizo ni kilo 20, na mkono umepanda juu ya bega! Dumu waachie vijana kwanza.

Daktari akithibitisha kuwa kidonda kimepona, anza na chupa ya plastiki ya nusu lita iliyojaa maji, yaani nusu kilo. Ishike, kunja na kukunjua kiwiko mara 10, pumzika, rudia. Kisha simama mbele ya ukuta uusukume kwa viganja, halafu kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Vidole vikiwa na ganzi, weka chupa kwenye kikapu chenye mpini.

Siku zinazofuata dripu usijilazimishe. Ukiwa na homa ya 38 au zaidi, acha mazoezi uende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Kila wiki pima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, sehemu ile ile. Mmoja ukianza kuzidi, au pete ikikubana, simama umwone mtaalamu. Mkono ukibaki sawa, ongeza nusu kilo. La dumu tutalizungumza kemo ikiisha na kilo tano ukizinyanyua bila mkono kuwa mzito.