Pete ya mguuni mwa kozi: namna ya kuisoma bila kumnasa ndege

Mleta mada wa Lindi ameuliza kama kozi (ndege mwindaji) aliyempiga picha juu ya mnara wa simu, akiwa na pete mguuni, ni ndege wa mtu aliyetoroka au ni wa porini. Najibu kwa niliyoyapitia hapa Mikindani, ambako msimu mmoja wa korosho kozi mwenye masharubu meusi alikuwa akishinda kwenye mnara unaotazama ghuba, akingoja maji yapwe ili awavamie vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, matopeni. (Jirani yangu alishikilia kuwa ni ndege wa majasusi.)

Tazama kwanza kama pete ina mshono. Kozi anayezaliwa kwa mfugaji huvishwa pete nzima isiyo na kiungo, ambayo hupitishwa mguuni angali kinda wa siku chache, kabla mguu haujanenepa. Wa porini hufungiwa na watafiti pete iliyo wazi, kisha ikabanwa kwa koleo au kukazwa kwa ribiti. Hiyo ni dalili tu wala si hukumu, kwa kuwa hata ndege wa kufugwa anaweza kuvishwa pete yenye mshono. Kamba za ngozi zinazoning'inia miguuni ndizo zinazomtaja mfugaji waziwazi.

Kosa langu lilikuwa kuamini picha moja. Maandishi huzunguka pete yote, na picha moja huonyesha upande mmoja tu, kwa hiyo nilirudi asubuhi sita mfululizo, jua likiwa mgongoni kwangu, nikiunganisha tarakimu kidogo kidogo na kubishana na nafsi yangu kama ile ni 3 au 8. Zaidi ya hayo, niliandika mguu wa kushoto kumbe ni wa kulia, kwa sababu ndege alikuwa amenielekea. Vijana walijitolea kumnasa kwa ulimbo. Nilikataa, maana ulimbo huharibu manyoya anayoyategemea kuwinda.

Kuhusu rangi, usihangaike na miongozo ya Marekani inayosema pete ya rangi mbili, nyeusi juu ya kijani, ni ya mashariki mwa nchi hiyo, na nyeusi juu ya nyekundu ni ya majimbo ya kati. Kozi wahamao wa huko hushuka Amerika ya Kusini. Wetu ama ni wakazi wa Afrika, ama wametoka tundra (nyika za baridi kali) ya Urusi na hukaa huku takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kwa hiyo tafuta kwenye pete maneno kabla ya namba: Moskwa, Nairobi, au Safring, ambao ni mpango wa kuvisha ndege pete wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Neno hilo ndilo litakalokuambia namba ipelekwe kwa nani.

Mimi niliambulia tarakimu nne za uhakika, na mwezi Machi mnara ukabaki mtupu. Wewe bado unaye. Tuwekee picha zote bila kuzikata, hata zile zenye ukungu, na utaje mguu kwa upande wa ndege mwenyewe.