Gasketi na silikoni kwenye kava za injini ya pikipiki: maswali yenu

Habari mafundi. Nabadilisha kava ya klachi ya Boxer 150. Fundi wa kijiweni anataka kupaka silikoni pande zote mbili za gasketi. Ni sawa? (Bodaboda, Morogoro)

Hapana, ndugu. Gasketi ya karatasi, ile inayokaa kati ya kava na injini kuzuia oili isivuje, hufungwa kavu. Ukiipaka silikoni inateleza wakati bolti zinakazwa, na ile inayobanwa kuingia ndani huning'inia mpaka oili ya moto iing'oe. Vipande vyake huishia kwenye chujio la oili. Chujio likiziba pampu haivuti vya kutosha, na kemshafti (shafti inayofungua vali) kule juu ndiyo huanza kulika. Tena injini nyingi zina tundu la oili linalopita ndani ya kava yenyewe. Donge dogo la silikoni linatosha kuliziba.

Kwenye kava yenye gasketi, silikoni ina kazi sehemu mbili tu: pale nusu mbili za kasha la injini zinapokutana, tone la ukubwa wa punje ya mchele, na kuzunguka mpira unaopitisha nyaya za magneti (kifaa kinachozalisha umeme wa pikipiki). Ukitaka gasketi isigande safari ijayo, paka grisi kidogo sana upande wa kava.

Gasketi ya zamani imegandia. Niikwangue kwa bisibisi?

Usithubutu. Alumini ni laini, na mkwaruzo mmoja unaokatiza ukingo tayari ni njia ya oili. Ziba injini kwa kitambaa safi, lowesha mabaki kwa thina mbali na moto, subiri kama dakika 10, kisha kwangua kwa wembe uliolazwa. Msasa uache, chembe zake zikiingia ndani zinakula beringi.

Gasketi haipatikani dukani. Nikate ya boksi? (Kahama)

Boksi hulowa oili, linanywea, na bolti zinalegea. Nunua karatasi ya gasketi yenye unene sawa na ile uliyotoa, mara nyingi karibu milimita 0.5. Paka kava oili nyepesi, ibandike juu ya karatasi, chapa itabaki. Toboa matundu ya bolti kwanza ndipo ukate ukingo. Kisha linganisha na ya zamani ukitafuta tundu la oili. Hili tunalisisitiza: gasketi ya kukata iliyosahau tundu hilo haivuji hata tone, lakini injini inakufa kwa kukosa oili.

Nimefunga kava na gasketi mpya, bado inavuja.

Osha injini, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto, iwashe dakika chache. Poda itaonyesha oili inakoanzia. Ikiwa ni kwenye shafti ya kiki, gasketi haina kosa: ni sili (mpira wa duara unaozuia oili kwenye shafti), ambayo hukatwa na meno ya shafti kava inapopachikwa. Weka sili mpya, vika shafti nailoni nyembamba yenye grisi, ndipo upachike kava.

Ikiwa ni ukingoni, angalia pini za kuongozea, zile zinazoifanya kava ikae mahali pake. Kava mpya aghalabu huja bila pini, nazo zimebaki kwenye ile uliyotupa pembeni, kwa hiyo kava inakaa upande. Halafu bolti: hazilingani urefu. Kabla ya kukaza, zote zichomoze kiasi kilekile. Ndefu ikiingia tundu fupi inagota chini, unadhani imekaza kumbe haijabana kitu. Bolti za M6 (kipenyo cha milimita 6) zinataka kukazwa kwa nguvu ya karibu Nm 10. Tumia spana namba 8 iliyo fupi, kaza kwa kukingamisha, yaani bolti moja kisha ya upande wa pili, mizunguko miwili au mitatu. Ukilazimisha, uzi wa ndani ya tundu la alumini unang'oka.

Kagua pia mpira wa kupumulia injini. Ukikunjika, presha inasukuma oili popote palipo dhaifu.

Silikoni ya bafuni inafaa?

Ile yenye harufu ya siki inakula alumini na haistahimili oili ya moto. Kwa kava zilizotengenezwa bila gasketi, nunua ya injini. Chora mstari wa silikoni wa milimita 2 hivi, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, bila kukatika. Usitie oili kabla ya muda ulioandikwa kwenye tyubu, mara nyingi saa 24.